Ndege imechelewa au imefutwa: jinsi ya kudai haki zako chini ya Kanuni ya 261, hatua kwa hatua

Abiria wengi hukosa fidia wakati haki wanayo. Kinachowaponza ni kuchanganya madai matatu tofauti: huduma wakati wa kusubiri, uamuzi wa kurudishiwa nauli au kutafutiwa ndege nyingine, na fidia ya fedha. Shirika la ndege likikataa moja, abiria huenda zake akidhani yote yamekataliwa. Katika Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Februari 2005, kila dai lina masharti yake. Dhoruba inaweza kukunyima fidia, lakini haikunyimi chakula wala hoteli.

Hatua ya 1: Hakikisha safari yako inaguswa na kanuni

Anza na mahali ndege inapoondokea. Ndege yoyote inayoruka kutoka uwanja ulio ndani ya Umoja wa Ulaya, Iceland, Norway au Uswisi inahusika, shirika liwe la nchi yoyote ile. Ndege inayotoka nje kuingia huko inahusika ikiwa tu shirika linaloirusha lina leseni ya Ulaya. Kwa hiyo Rome–Doha kwa shirika la Ghuba inahusika, ila Doha–Rome kwa shirika hilohilo haihusiki. Tazama shirika lililorusha ndege, si lililokuuzia tiketi.

Ukiwa na safari ya kuunganisha ndege iliyo chini ya buking moja, yote huhesabiwa kuwa safari moja. Mwaka 2019 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya abiria waliosafiri Prague–Abu Dhabi–Bangkok. Ndege ya kwanza, ya shirika la Ulaya, ilifika kwa wakati. Ya pili, ya shirika lisilo la Ulaya, iliwafikisha Bangkok wakiwa wamechelewa dakika 488. Shirika lililorusha kipande cha kwanza ndilo lililotakiwa kulipa. Lakini kama ulinunua tiketi mbili mbalimbali na kuziunganisha mwenyewe, kila moja husimama peke yake, na ukiikosa ya pili kwa sababu ya kwanza kuchelewa, hasara hiyo haiingii kwenye kanuni hii.

Uingereza ilibaki na sheria yenye mfumo huohuo baada ya kutoka kwenye Umoja, ila viwango vyake ni pauni 220, 350 na 520.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kabla hujatoka uwanjani

Hapa ndipo madai mengi hushindwa au hushinda. Hifadhi pasi ya kupandia ndege, namba ya buking na namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Piga picha ubao wa safari unapoonyesha kuchelewa au kufutwa. Mwombe mfanyakazi wa kaunta aandike sababu. Akikataa, andika wewe alichosema na saa aliyosema. Usifute ujumbe wowote wa simu au barua pepe kutoka kwa shirika, hasa ule wa kwanza, kwa kuwa sababu inayotolewa saa ile mara nyingi hutofautiana na inayokuja wiki kadhaa baadaye.

Mkifika, angalia saa mlango wa ndege unapofunguliwa na uiandike. Mwaka 2014 Mahakama ilisema kufika ni pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na abiria kuruhusiwa kushuka, si magurudumu yanapogusa ardhi. Ndege ikitua ikiwa imechelewa saa 2 na dakika 52, kisha ikasubiri nafasi ya kuegesha kwa dakika 10, tayari umevuka saa 3.

Hatua ya 3: Dai huduma palepale

Haki ya chakula na vinywaji huanza baada ya saa 2 za kusubiri kwa safari isiyozidi kilomita 1,500. Saa 3 kwa safari za kati. Na saa 4 kwa zinazozidi kilomita 3,500. Inahusisha pia mawasiliano mawili (simu au barua pepe), na ikibidi kulala, hoteli pamoja na usafiri wa kwenda na kurudi. Usipopewa, lipa mwenyewe kwa kiasi cha wastani na utunze kila risiti. Pombe na hoteli ya kifahari hazirudishwi kwa urahisi. Wajibu huu hauna kikomo cha siku: mwaka 2013 Mahakama iliuthibitisha hata kwa abiria waliokwama kutokana na majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull ya 2010.

Hatua ya 4: Chagua kati ya nauli na ndege nyingine, na uwe mwangalifu

Safari ikifutwa, chaguo ni lako: kurudishiwa nauli ndani ya siku 7, kupelekwa mapema iwezekanavyo, au kusafiri tarehe nyingine inayokufaa kama nafasi ipo. Ndege ikichelewa saa 5 au zaidi, unaweza kuacha safari na kudai nauli. Ukishachukua nauli, wajibu wa shirika kukulisha, kukulaza na kukufikisha unakoma, na tiketi mpya ya dakika za mwisho inaweza kugharimu mara kadhaa ya ile ya zamani. Kama bado unahitaji kufika, usibonyeze kitufe cha "rejesha fedha" kwenye programu ya shirika kwa haraka. Vocha hutolewa kwa kibali chako cha maandishi tu. Usiposaini, ni fedha.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya fidia

Fidia hulipwa ukifika mwisho wa safari ukiwa umechelewa saa 3 au zaidi, safari ikifutwa bila taarifa ya siku 14, au ukizuiwa kupanda ndege iliyojaa kupita kiasi ilhali ulifika kwa wakati. Viwango kwa kila abiria:

- hadi kilomita 1,500: euro 250
- zaidi ya kilomita 1,500 ndani ya Umoja, au kilomita 1,500 hadi 3,500 kwingineko: euro 400
- zaidi ya kilomita 3,500 kwingineko: euro 600, ambazo hupungua hadi 300 ukichelewa kati ya saa 3 na 4

Umbali hupimwa kwa mstari wa moja kwa moja kati ya mwanzo na mwisho wa safari. Vituo vya katikati havihesabiwi. Ukifutiwa kati ya siku 14 na 7 kabla, huna fidia kama ndege mbadala haiondoki zaidi ya saa 2 mapema na inakufikisha kabla ya saa 4 za kuchelewa kutimia. Chini ya siku 7, mipaka hiyo hubana kuwa saa 1 na saa 2.

Bei ya tiketi haina nafasi katika hesabu hii. Aliyelipa euro 30 anapata sawa na aliyelipa 900, na fedha ni za aliyesafiri hata kama mwajiri ndiye aliyelipia.

Hatua ya 6: Pima sababu waliyokupa

Shirika huepuka fidia likithibitisha "mazingira yasiyo ya kawaida" ambayo lisingeweza kuyakwepa hata kwa kuchukua hatua zote zinazofaa. Mzigo wa kuthibitisha uko kwao, kwa hiyo usikubali sentensi moja ya "sababu za kiuendeshaji".

Hitilafu ya kiufundi kwa kawaida si kisingizio. Mahakama ilisema hivyo mwaka 2008 na tena 2015, kwa kuwa matengenezo ni sehemu ya kazi ya kila siku ya shirika. Mgomo wa marubani wa shirika lenyewe unaodai mishahara nao haukubaliki, kwa uamuzi wa 2021. Kugonga ndege wa porini kunakubaliwa (2017), kama ilivyo kwa mgomo wa waongozaji wa anga na kufungwa kwa uwanja.

Hali ya hewa ndiyo hutumiwa vibaya zaidi. Fungua tovuti ya kufuatilia ndege na utazame saa ileile, uwanja uleule: je, ndege nyingine za ukubwa huo ziliruka? Kama zilipishana kwenye njia ya kurukia huku yako pekee imekwama, picha ya orodha hiyo ni silaha. Kisha tafuta namba ya usajili ya ndege yako na uone ilikuwa wapi tangu asubuhi. Wakidai ukungu wa alfajiri ndio uliochelewesha ndege ya jioni, waeleze waonyeshe uhusiano wa moja kwa moja na walichofanya katika saa zote za katikati kupunguza madhara.

Hatua ya 7: Andika dai

Tumia fomu ya tovuti ya shirika na uhifadhi nakala yake. Andika kwa lugha wanayoifanyia kazi, bila hasira na bila hadithi ndefu. Kiini kitoshe hivi:

"Nilikuwa abiria wa ndege namba ___ tarehe ___, buking ___. Tulipangiwa kufika saa ___. Mlango ulifunguliwa saa ___. Chini ya Kanuni 261/2004 nadai euro ___ kwa kila abiria, pamoja na euro ___ za gharama kwa risiti zilizoambatanishwa. Naomba malipo kwa fedha, si vocha, ndani ya siku 30. Mkikataa, tumeni ushahidi wa sababu."

Orodhesha kila abiria wa buking. Mtoto aliyelipiwa tiketi anadai kiwango kilekile.

Hatua ya 8: Wakikataa au wakinyamaza

Peleka malalamiko kwa mamlaka ya nchi ambako tatizo lilitokea. Kila nchi mwanachama ina yake. Njia ya mahakama pia iko wazi mahali ndege ilipoondoka au ilipopaswa kufika, na kwa kesi za kuvuka mipaka zisizozidi euro 5,000 upo utaratibu wa madai madogo ambao hauhitaji wakili. Kampuni za kudai kwa niaba yako hukata sehemu kubwa ya fidia, hivyo kwa kesi rahisi jaribu mwenyewe kwanza.

Muda wa kudai hutegemea sheria ya nchi: Ujerumani miaka 3 inayohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka wa safari, Ufaransa 5, England na Wales 6.

Mizigo, na safari zilizo nje ya kanuni hii

Hapa hutumika Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao nchi nyingi zimeuridhia. Hautoi kiwango maalumu. Hurudisha hasara unayoweza kuithibitisha kwa risiti. Kikomo tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa mizigo na SDR 6,303 kwa kucheleweshwa kwa abiria (SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa). Mzigo usipotokea, jaza ripoti kwenye kaunta ya mizigo kabla ya kutoka na utunze lebo. Ukiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Ukichelewa, ndani ya siku 21 tangu uupokee. Zikipita siku 21 bila kufika, unaweza kudai kama uliopotea. Kesi lazima ifunguliwe ndani ya miaka 2, na kuendelea kuandikiana barua na shirika hakusimamishi muda huo.