Namna ya Kuchagua Hema Dogo la Watu Wawili kwa Bei Nafuu

Mkazi wa Dar es Salaam anayepanga kulala ufukweni Kigamboni au katika vilima vya Pugu atasumbuliwa zaidi na joto na mbu, kwa hiyo ninamsihi atafute hema lenye tabaka mbili: la ndani liwe na eneo kubwa la wavu wa kuzuia mbu unaopitisha upepo, na la nje, la kuzuia mvua, liweze kuondolewa usiku usipokuwa na mawingu.

Kabla ya kulipa, omba lisimamishwe palepale dukani, kisha ingieni wote wawili mlale, kwani upana wa sentimita 130 hutosha miili miwili tu na mabegi hubaki nje. Pitisha kidole taratibu kwenye mishono ya tabaka la nje, upande wa ndani. Ukikuta utepe unaoziba mishono hiyo umebanduka, hata kwa urefu wa ukucha, liache, kwa sababu mvua ya masika itapenya hapohapo.

Nguzo za faibaglasi ni za bei nafuu ingawa hupasuka. Za alumini ni nyepesi na hudumu zaidi. Vigingi vyembamba hung'oka mchangani, hivyo nunua vipana, au fungia kamba kwenye mifuko iliyojazwa mchanga na kuifukia.