Kujifunza Kiingereza cha Kila Siku kwa Sentensi Nzima

Mtu aliyemaliza darasa la saba, au hata kidato cha nne, anajua maneno mengi ya Kiingereza kuliko anavyodhani. Hata hivyo mteja mgeni akisimama mbele ya kaunta na kuuliza jambo dogo tu, maneno hayo hukwama kooni, kwa sababu yalikaririwa moja moja, kila moja na tafsiri yake pembeni, na hakuna aliyemwonyesha namna yanavyoshikana. Ndiyo maana ninamshauri anayeanza upya ajifunze sentensi nzima, tena zile atakazozihitaji kesho.

Chukua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kwa siku mbili tatu usiandike Kiingereza chochote, andika kwa Kiswahili yale unayoyasema kila mara kazini, kama vile "Ngoja nikuangalizie", "Imeisha, ila kesho italetwa" au "Una hela ndogo?" Hapo ndipo utafute Kiingereza chake, kwa mwalimu wa sekondari ya jirani, kwa mwongoza watalii, au kwa ndugu anayekitumia kila siku. Utaona kwamba "Ngoja nikuangalizie" ni "Let me check for you", na kwamba "Imeisha" ya dukani ni "We've run out", sentensi ambayo usingeipata kwa kufungua kamusi kwenye neno "isha". Programu za kutafsiri kwenye simu nazo husaidia, mradi uzipe sentensi kamili, kwani zikipewa neno moja lisilo na muktadha hukosea mara nyingi.

Tafuta pia sentensi zinazozaa nyingine. Kiswahili kina "naomba", ambalo peke yake linabeba adabu yote ya ombi. Anayekosa neno la Kiingereza linalolingana nalo huishia kusema "Give me water" na kuonekana mkali bila kukusudia. Jizoeze kusema "Could I have some water, please?", kisha badilisha mwisho wake tu: "Could I have your name, please?", "Could I have a receipt, please?" Unapomtaka mtu atende jambo, anza na "Could you". Kwa mianzo hiyo miwili utamaliza sehemu kubwa ya maombi ya siku nzima.

Kuna mahali ambapo mazoea ya Kiswahili hutupotosha, na hapo panastahili muda zaidi. Pa kwanza ni saa. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana asubuhi jua linapochomoza, ilhali Kiingereza huanza usiku wa manane na tena adhuhuri, kwa hiyo tofauti ni saa sita: saa mbili asubuhi ni "eight o'clock in the morning". Wengi wanaijua hesabu hii lakini huisahau wakiwa na haraka, na madhara yake ni makubwa, kwa sababu msafiri aliyeambiwa kwamba basi linaondoka "two o'clock" atafika kituoni saa nane mchana, wakati basi limeshaondoka tangu saa mbili asubuhi. Kila unapotazama simu, itamke saa hiyo kwa Kiingereza kwa sauti.

Pa pili ni majibu ya maswali ya kukanusha. Ukiulizwa "Hujala?" nawe hujala, utajibu "Ndiyo, sijala", maana unakubaliana na maneno ya muulizaji. Kiingereza hutazama kama umekula au hukula, kwa hiyo "Haven't you eaten?" hujibiwa "No, I haven't". Ukisema "Yes" peke yake, ataelewa kwamba umeshiba. Mpaka uzoee, usijibu kwa neno moja. Ongeza kila mara mkia mfupi kama "I have" au "I haven't". Kitenzi "azima" nacho kina mtego wake, kwani kwetu kinatumika kwa anayetoa na anayepokea, ilhali Kiingereza hutenganisha: "Can I borrow your pen?" lakini "Can you lend me your pen?" Jifunze sentensi hizo mbili pamoja.

Kwa matamshi nitasema jambo moja tu: angalia mwisho wa neno. Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, hivyo ulimi wetu hupenda kuongeza irabu mwishoni mwa "desk" au "bank". Jizoeze kuufunga mdomo hapo.

Ili sentensi zisipotee, tumia visanduku vya kadi, njia iliyoenezwa na Sebastian Leitner katika miaka ya 1970. Andika Kiswahili upande mmoja wa kadi na Kiingereza upande wa pili. Kisanduku cha kwanza kipitie kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu kila wiki. Kadi uliyoipata husogea mbele. Uliyoikosa hurudi cha kwanza. Soma Kiswahili na utamke Kiingereza, kwani kazini ndivyo utakavyotakiwa kufanya. Sentensi tano mpya kwa siku zinatosha kabisa. Sauti ya Amerika ilipoanzisha matangazo yake ya Kiingereza chepesi mwaka 1959, ilisoma habari za dunia kwa msamiati wa maneno yapatayo 1,500 tu.

Hatimaye zungumza na watu. Tabia ya kumcheka anayekosea imewanyamazisha wengi wenye uwezo, nami naiona kuwa ni dhuluma. Chagua mwenzako asiyecheka, mkubaliane nusu saa kila jioni bila Kiswahili. Ukishindwa kuelewa, mwambie "Could you say that again slowly, please?", na ukikosa jina la kitu, kionyeshe kwa kidole uulize "What do you call this?" Jibu utakalopewa liandike kwenye kadi usiku huohuo.