Greni 115 au 147 kwa 9mm?

Ukiingia mashindano ya IPSC (shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha kwa vitendo) na bastola ya 9mm, usinunue risasi kwa kuangalia bei ya boksi tu. Angalia uzito wa kichwa cha risasi. Kanuni ni hii: uzito kwa greni (kipimo kidogo cha uzito wa risasi), zidisha kwa kasi ya futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Ukipata chini ya 125, alama zako hazihesabiwi.

Sasa piga hesabu. Greni 115 kwa kasi ya 1,110 inatoa 127.65. Greni 147 kwa 870 tu inatoa 127.89. Nguvu ile ile karibu, lakini ile nzito teke lake ni la kusukuma polepole, si la kushtua mkono, na wengi hurudi kwenye shabaha wakiwa wametulia zaidi. Mimi napenda 147. Mwenzangu haiwezi kabisa, anasema bastola "inalala", yaani anaiona nzito na ya polepole, basi yuko na 124 yake.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi usiiamini sana: mtutu wako ukiwa mfupi, inashuka. Pima kwa bastola yako mwenyewe, ulenge jibu la 130 hivi kwenye ile hesabu. Na ukiona matundu kwenye karatasi yamerefuka badala ya kuwa duara, risasi hiyo haizunguki vizuri mtutuni. Badilisha.