Kuzuru sinagogi la Paradesi, Kochi: hatua kwa hatua kwa aliyesindikiza mgonjwa India

Kazi yangu ni kusindikiza wagonjwa India. Kati ya siku ya vipimo na siku ya majibu hubaki nafasi, na ndugu wa mgonjwa akijifungia chumbani huishia kuwaza tu. Waliopangiwa hospitali za Kochi, jimbo la Kerala, huwa nawapeleka mtaa wa Mattancherry kwenye sinagogi (nyumba ya ibada ya Wayahudi) la Paradesi, lililojengwa mwaka 1568.

Hatua ya 1: Chagua siku. Hapa ndipo wengi hukwama, nami nikiwemo. Mara ya kwanza nilifika na watu watano Jumamosi, tukapokewa na kufuli. Ijumaa na Jumamosi wageni hawaingii, wala sikukuu za Kiyahudi, ambazo hurundikana Septemba na Oktoba. Sabato huingia jua likizama Ijumaa. Mtu wa Pwani hesabu hiyo haimpi tabu: bibi yangu akisema "usiku wa Jumamosi" alikuwa na maana ya usiku unaoanza magharibi ya Ijumaa. Siku zilizobaki kwa kawaida hufunguliwa saa 4 asubuhi hadi saa 7, kisha saa 9 hadi saa 11 jioni. Uliza hotelini kabla ya kutoka, na uwe mlangoni saa 4 kamili. Jengo ni dogo, makundi ya watalii yakiingia hutaona kitu.

Hatua ya 2: Vaa kwa heshima. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja ndani ya mkoba imeshaniokolea wengi. Mwanamume avae barakashia yake, inatosha. Viatu vinavuliwa, jambo ambalo hulikuti katika masinagogi mengi duniani, lakini Wayahudi wa Kochi wamekaa karne nyingi na Wahindu na Waislamu wanaovua mlangoni. Ndala ndiyo dawa.

Hatua ya 3: Fika. Panda kivuko kutoka Ernakulam, upande wa bara wa Kochi, kisha bajaji (hapa ndipo kwao, hata jina tumelitoa India). Dereva atakuomba mpitie duka la viungo "dakika tano tu", kwa sababu hulipwa kwa kila mgeni anayemfikisha. Kataa kabla hujapanda. Ukishakaa, umechelewa.

Hatua ya 4: Ukiingia, tazama chini. Kila mtu huinua macho kwenye taa za kioo cha Ubelgiji. Waache. Sakafu ni vigae vya kaure kutoka Kanton, China, vilivyochorwa kwa mkono, buluu juu ya nyeupe, katika karne ya 18. Chuchumaa. Chagua kimoja, fuata tawi la mti kwa jicho, halafu hamia cha jirani: mchoro ni ule ule, ila brashi imekwenda upande wake, wino umekolea hapa, umefifia pale. Wenyewe husema hakuna viwili vilivyo sawa. Aliyeona vyombo vya Kichina vilivyopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi au Mambrui atajua kwamba bahari ni moja.

Sasa inua kichwa. Katikati pana bima, jukwaa la kusomea Torati, lenye uzio wa shaba. Ukutani, upande wa magharibi uliko Yerusalemu, liko kabati la Torati. Usiguse pazia lake. Roshanini kuna bima ya pili, mtindo wa masinagogi ya Kerala. Kuhusu picha, uliza kwanza. Kibao cha mlangoni ndicho hakimu.

Paradesi maana yake wageni: Wayahudi wa sinagogi hili walikuja baadaye, wengine wakikimbia mateso Hispania, wakawakuta Wayahudi wa Malabar, wenyeji wa pwani hii tangu zamani, kisha kwa vizazi wakakataa kukaa nao sawa ndani ya sinagogi hili. Muulize mwongozaji wako habari hiyo. Asipoulizwa huenda akairuka. Baada ya 1948 wengi wa pande zote mbili walihamia Israeli.

Hatua ya 5: Usikimbilie kuondoka. Nje kuna mnara wa saa wa mwaka 1760: zunguka, uone tarakimu zikibadilika kutoka Kiebrania kwenda Kirumi. Mtaa wenyewe unanuka tangawizi na pilipili manga.

Ukirudi Ernakulam na bado una saa moja, tafuta sinagogi la Kadavumbhagam sokoni. Utadhani umepotea, kwa kuwa unapita kwanza katika duka la miche na samaki wa mapambo. Pita tu, na samaki usinunue. Kwenye ndege hawapandi, nilishaombwa nijaribu.