Somo: Diklofenaki, ibuprofeni au meloksikamu? Tuanze na anayemeza

Juzi mzee mmoja wa Mbagala alinimwagia kaunta bahasha tatu za dawa ya goti. Moja ilikuwa na diklofenaki ya miligramu 50, anameza mara tatu kwa siku. Ya pili ilikuwa na vile vidonge tunavyoviita diklopa, asubuhi na jioni. Ya tatu kidonge kikubwa cha miligramu 100, kabla ya kulala. "Hizi ni tofauti," akaniambia, "nimenunua maduka matatu." Nikamwonyesha yale maandishi madogo nyuma ya pakiti, moja baada ya nyingine. Zote diklofenaki. Jumla miligramu 350 kwa siku, wakati kikomo ni 150. Alikuwa anashangaa mbona kiungulia hakimwishi.

Ndiyo maana nakiandikia kikundi chetu somo hili la dawa za maumivu. Tufuate hatua.

Hatua ya 1: soma jina dogo. Jina kubwa kwenye boksi ni la biashara, liache. Chini yake kuna jina la dawa yenyewe. Ukikuta ibuprofeni, diklofenaki, meloksikamu, piroksikamu, indometasini, naproksini au aspirini, jua hizo ni ukoo mmoja. Zote huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. John Vane, Mwingereza, ndiye aliyelieleza jambo hili mwaka 1971, na mwaka 1982 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Tatizo ni kwamba kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ukimeza mbili za ukoo huu kwa pamoja, maumivu hayapungui mara mbili. Madhara ndiyo yanayoongezeka.

Parasetamoli haimo kwenye ukoo huu. Yenyewe unaweza kuichanganya na mojawapo, ila kumbuka diklopa tayari ina parasetamoli ndani.

Hatua ya 2: una homa? Kama mwili unachemka na viungo vinauma, weka ukoo huu pembeni. Dar tumeshaonja dengi, mwaka 2014 na tena 2019, na dengi inaweza kuleta damu kutoka. Dawa hizi huongeza hatari hiyo. Meza parasetamoli, nenda ukapime malaria na dengi, mengine baadaye.

Hatua ya 3: anayemeza ni nani? Hapa ndipo watu wanaporuka, na ndipo ninapopoteza dakika nyingi na wateja. Aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu, mwenye moyo mkubwa, aliyepata kiharusi, mwenye pumu inayobana akimeza aspirini, mjamzito aliyefika wiki 20: hawa wasinunue bila kuonana na daktari. Mwenye presha na aliyepita miaka 65 waulize kwanza. Muuzaji akikupa bila kukuuliza hata moja, muulize wewe.

Hatua ya 4: sasa chagua. Kwa jino, hedhi au kifundo kilichoteguka, mimi huanza na ibuprofeni: miligramu 200 hadi 400, mara tatu kwa siku, baada ya kula. Bila daktari usivuke 1200 kwa siku. Diklofenaki watu wanaipenda kwa sababu "inashika haraka", lakini kwa moyo ni mbaya kuliko ibuprofeni ya dozi ndogo. Meloksikamu humezwa mara moja kwa siku, 7.5 au 15, na inafaa kwa viungo vya muda mrefu chini ya daktari. Piroksikamu hukaa mwilini siku kadhaa na ni kali kwa tumbo; mzee wangu nyumbani simpi.

Na sindano? Wapo wanaoamini sindano ya diklofenaki haigusi tumbo. Inagusa. Dawa hulifikia tumbo kupitia damu.

Hatua ya 5: hesabu siku. Tatu, zikizidi sana tano. Choo kikiwa cheusi kama lami, ukitapika damu, miguu ikivimba au mkojo ukipungua, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.

Maswali ya wanakikundi

*Mama wa Tandika:* Mwanangu ana miaka 6, ana homa. Nimpe aspirini nusu?
Hapana, mama. Aspirini haipewi mtoto chini ya miaka 16 bila daktari, inaweza kuleta ugonjwa wa Reye unaoharibu ini na ubongo. Mpe parasetamoli ya maji kwa uzito wake, kisha akapimwe.

*Bodaboda wa Gongo la Mboto:* Mgongo unaniua, kaka. Nikimeza diklofenaki kila siku na omeprazoli ya kupunguza asidi tumboni, si niko salama?
Tumbo litapata nafuu. Figo na moyo omeprazoli haivilindi. Mgongo wa kila siku ukaangaliwe, ndugu yangu, na hicho kiti cha pikipiki nacho.

*Dada wa Kinondoni:* Shikamoo. Mama anatumia losatani na dawa ya kukojoa kwa ajili ya presha. Nimnunulie ibuprofeni ya kiuno?
Marahaba. Usimnunulie. Hizo tatu zikikutana, figo zinaweza kufeli, hasa akiharisha au akikosa maji na joto hili. Anza na parasetamoli, umweleze daktari wake.

*Mstaafu wa Ukonga:* Nameza aspirini ya 75 kwa ajili ya moyo. Jino likiuma nifanyeje?
Mzee, jaribu parasetamoli. Ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake, na kwa mwenye moyo sikushauri uinunue mwenyewe. Daktari akiiandika, tangulia aspirini, subiri angalau nusu saa. Wala usiiache aspirini kwa sababu ya jino.

*Fundi wa Buguruni:* Ile jeli ya kupaka ni ya kweli au biashara?
Ni ya kweli, kwa goti na vidole hasa, na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Paka mara tatu au nne kwa siku, usifunge bandeji ngumu juu yake. Nawa mikono kabla hujagusa macho. Yule mzee wa bahasha tatu ndiyo niliyompa.