Kumsoma Yukio Mishima na kikundi cha Kigoma

Mishima alikuwa mwandishi wa Japani. Anzeni na Shiosai, riwaya yake ya 1954. Ni fupi, inahusu kisiwa cha wavuvi, na anayeujua mwalo wa Kibirizi, Kigoma, hahitaji kuelezwa dhoruba. Kisha Kinkakuji (1956), iliyotokana na hekalu la Kyoto lililochomwa moto na mtawa kijana mwaka 1950. Hapo msikimbie: kurasa thelathini kwa kikao zinatosha, mmoja akisoma kwa sauti.

Kosa kubwa ni kuanzia kwenye kifo. Novemba 25, 1970 aliwahutubia wanajeshi kambini Tokyo, akitaka mfalme wa Japani arudishiwe hadhi yake, wakamzomea, akajiua. Mkianzia hapo, mjadala unageuka siasa tupu na vitabu havifunguliwi. Kifo chake kiwekeni kikao cha mwisho, na msimpambe.