Kuunganisha faili zilizokatika vipande kwenye diski

"Fundi, hii imezeeka, nitafutie nyingine." Kijana huyo anapiga video za harusi Mikindani. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa inajikokota kufungua video moja, na diski ya GB 500 ilibakiwa na GB 9 tu. Shida haikuwa uzee: faili zake zilikuwa zimekatika vipande.

Sisi wa Mtwara tufikirie ghala la korosho. Ghala likiwa tupu, magunia ya mtu mmoja hupangwa pamoja. Mizigo ikishatoka baada ya mnada, mapengo yanabaki huku na huku, na mzigo mpya unachomekwa humo: kumi hapa, ishirini kule mlangoni. Hakipotei kitu, daftari la karani linaonyesha kila gunia lilipo, ila kuli anatembea mno. Kwenye diski, daftari ni jedwali la mfumo wa faili, iwe FAT32 au NTFS. Nafasi ya gunia ni klasta, mara nyingi baiti 4,096. Kuli ni kichwa cha kusomea. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika hukingojesha wastani wa milisekunde 5.5 kila kinaporukia kipande kingine. Video ya vipande 2,000 ni sekunde 11 za kungoja tu.

Hatua ya 1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dfrgui, utaona aina ya kila diski. Ukikuta SSD, yaani diski ya chipu, usiendelee. Haina sahani inayozunguka wala kichwa, na kuhamishahamisha faili ni kuila umri bure. Inatosha amri ya defrag C: /L (iandike kwenye cmd, kama ilivyo Hatua ya 3), inayoijulisha nafasi zilizoachwa wazi.

Hatua ya 2. Nakili kwanza vyote vya maana. Diski ikilia tik-tik, ishia kwenye kunakili. Niliwahi kuparamia moja iliyokuwa inalia hivyo. Ikakata roho usiku, na picha za jando za mtoto wa mteja zikaenda nayo. Hela nilirudisha.

Hatua ya 3. Acha wazi angalau asilimia 15, maana bila uwazi hakuna pa kupangia. Harusi za zamani tulizihamishia diski ya nje. Kisha fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi, uandike chkdsk D: /f (D ni herufi ya diski, weka ya kwako) kurekebisha daftari lenyewe.

Hatua ya 4. Andika defrag D: /A. Hii inapima tu, haigusi faili. Usishangae asilimia ya mkatiko ikiwa ndogo: vipande vinavyozidi MB 64 havihesabiwi, kwa kuwa kuvirukia hakuchelewishi sana.

Hatua ya 5. Andika defrag D: /U /V, uiache. Umeme wetu unaujua, kwa hiyo kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS, betri ya akiba. Ile ya Mikindani niliianza adhuhuri, magharibi ikawa bado inasaga.

Kesho yake mwenyewe alikuja kuichukua, flashi mkononi: harusi tatu mpya. Nikamwomba aiweke mfukoni kwanza, tufute zile nakala alizozirudia mara mbili.